Mpishi wa Kilimambogo na Friji ya Betri

Kumekucha chini ya mlima Kilimambogo, nje ya Thika. Emmaculate Nafuna anapiga magoti kwenye nyasi zenye umande na kuweka kiganja juu ya friji isiyozidi ukubwa wa kreti ya soda. Bado inatetemeka. Anashusha pumzi, kisha anafungua vifuniko vya betri mbili za lori kuangalia maji.

Huku hakuna nguzo ya stima hata moja. Friji na blenda ya mpishi huyu wa kambi hutegemea betri anazozipeleka mwenyewe kuchajiwa Eneo la Viwanda Thika.

"Betri ni kama ng'ombe," asema. "Ukikamua yote usiachie ndama, utalia."

Nafuna, 39, anaishi Ruiru. Alitoka Bungoma kutafuta kazi ya kiwandani, akaikosa, akaangukia sufuria. Fahim, mfanyabiashara wa Thika anayeleta wageni kupiga kambi hapa, humlipa shilingi mia mbili kwa siku. Ndiyo karo ya wanawe wawili, Lenny na dada yake.

Aprili mwaka huu wa 1997 kazi hiyo nusura imponyoke. Wageni walifika wamelowa chapachapa, na makaa yamelowa vilevile. Kwao Nafuna, mgeni kulala bila chai ni aibu ya ukoo mzima. Akachomeka birika la umeme la gari kwenye betri. Likachemka la kwanza, likachemka la pili, na wageni, kama kawaida ya wageni, wakaongeza vikombe.

Asubuhi betri zilikuwa zimekufa, na friji imezima. Kuku na maziwa ya safari nzima yalikuwa yananuka, na watu wakarudi nyumbani.

"Nililia," asema bila kuficha. "Lakini ningefanya nini? Mtu amenyeshewa, nimwambie alale tu hivyo?"

Fahim alimwambia: "Mama Lenny, nakupea trip moja tu. Chakula ikiharibika tena, utafute kazi kwingine."

Safari yenyewe ndiyo hii, na jana jioni mvua haikuwa na huruma. Mmoja wa wageni, Magdalene, mwalimu mstaafu wa Kahawa Sukari, akaomba chai. Birika lilikuwa palepale kando ya betri. Nafuna hakuligusa. Alifungua lori na kutoa makaa makavu kwenye gunia alilolilaza mahali alipopaswa kulala yeye, akachemsha chai. Gunia likabaki ndani lisilowe, naye akajikunyata chini ya turubai linalovuja.

"Nimelala nimekaa," asema akicheka, sweta bado mbichi.

Fahim anafika na kufungua friji kabla hata ya salamu. Anabonyeza siagi kwa kidole. Ni ngumu.

"Na maziwa?"

"Onja."

Anaonja. "Agosti tuko na kambi ingine," asema, akienda zake.

Nafuna anatamani siku moja kuwa na hema na betri zake mwenyewe.

"Hapo nikipea mgeni chai, friji ikizima, hasara ni yangu," asema. "Lakini hakuna mtu ataniuliza kwa nini nilimpea."