Siku Nne za Seva ya Pili

Lusungu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango wa chumba cha mitambo, anarudi kuutikisa. Akinitumia ujumbe, anakuja mpaka mapokezi kuuliza kama nimeuona. Nilimtania sana kwa tabia hiyo, na sasa natamani ningemgombeza.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita kwenye kliniki ya Dokta Gulamabbas, Mbezi Beach. Mimi niko mapokezi. Yeye alikuwa fundi wa mtandao, peke yake, kuanzia chumba cha eksirei mpaka famasi. Alipanga vyumba viwili Mtoni, upande wa pili kabisa wa jiji, na bado saa moja asubuhi alikuwa ameshafika kazini. Hakuwa ameoa. Nilimwambia hakuna mwanamke atakayekubali kuulizwa mara mbili mbili kama amezima jiko.

Mimi kompyuta sizijui, lakini kazi yake alinieleza kwa kutumia kazi yangu. Mgonjwa akiingia nampa namba ya foleni, na asiye na namba hahudumiwi. Kompyuta nazo ni hivyohivyo. Kila moja inaomba namba yake, wao wanaita anwani, na kuna kompyuta kuu, ndiyo seva, inayogawa. Seva hiyo ikifa, mashine zinabaki zimetoa macho tu. Maabara haitumi majibu, famasi haioni dawa alizoandika daktari, na mimi natukanwa na watu ambao hawajawahi hata kuisikia hiyo seva.

Miaka miwili iliyopita alikwenda kwao Tukuyu kwenye harusi ya mdogo wake. Seva ikafa siku hiyohiyo. Tulimpigia simu mfululizo mpaka akaondoka kabla maharusi hawajatoka kanisani. Tangu hapo hakwenda tena kwao, hata Krismasi. Mama yake akawa anamwona kwenye simu tu.

Dawa ilikuwa kuweka seva ya pili, ili moja ikianguka nyingine iendelee kugawa. Mara ya kwanza aliiweka harakaharaka, na hizo mbili hazikujuana. Ni sawa na mapokezi tukae wawili, kila mmoja na daftari lake, halafu kila mmoja ampe mgonjwa wake namba kumi na nne. Mashine ya maabara na printa ya famasi zikapewa anwani moja, zikagongana, na majibu ya wagonjwa yakakwama asubuhi nzima. Dokta alimsema mbele yetu sote, na mbele ya wagonjwa. Lusungu akaing'oa ile seva kabla ya saa sita. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yeye alishtuka mwaka mzima.

Mwaka huu Zehra, binti wa Dokta ambaye ndiye meneja wetu, alimruhusu ajaribu tena. Safari hii alisoma, akaandika kila hatua kwenye karatasi, akazifunga seva zote mbili Jumatatu moja ya mwezi wa sita. Seva mbili zinazoambiana kila anwani inayotoka. Mchana aliniita nishuhudie. Akachomoa waya wa seva ya kwanza, akaniambia niwashe kompyuta yangu. Ikawaka, ikapata mtandao kama kawaida.

"Umeona, Mama Didas?"

"Nimeona. Sasa nenda kwenu ukamsalimie mama."

Akacheka. Nilijua tangu mwanzo kwamba kazi yote ile ilikuwa kwa ajili ya safari hiyo.

Jumanne asubuhi dada yake, Atuganile, alipiga simu. Lusungu alikuwa chini ya meza yangu anafunga waya, akaweka simu sakafuni, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama amelazwa tangu jana," Atuganile alisema. "Anakuulizia."

"Anaendeleaje?"

"Njoo, Lusungu. Mambo mengine siyo ya kwenye simu."

Kisha mama mwenyewe akapewa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Baba, usiache kazi ya watu njiani. Maliza, halafu uje."

Lusungu akamalizia kufunga ule waya. Zehra alipopata habari alikuja mwenyewe mapokezi. "Lusungu, nenda leo leo. Mtandao ukiharibika tutaandika kwa kalamu, baba yangu alianza kazi kwa kalamu."

"Dada Zehra, nipe mpaka Ijumaa tu."

Ijumaa kwa nini? Akanieleza. Mashine za maabara na famasi hazizimwi. Zinaazimwa anwani kwa siku nane, na siku ya nne zinaomba kuongezewa muda. Alitaka azione zikiomba bila mbili kugongana, ndipo aondoke na moyo mweupe. Nikamuuliza kama huo muda hauwezi kufupishwa. Akasema unaweza, ni kazi ya dakika kumi, ila hapo hutakuwa umepima kitu chenyewe. Nikamwambia siku ya kiyama atamwomba malaika arudie kuita majina. Alicheka, na mimi nikacheka. Hilo silisahau. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka stendi, ananizidi urefu tu, lakini nilifanya mzaha nikaita mgonjwa mwingine.

Jumatano na Alhamisi alishinda chumba cha mitambo. Alhamisi dada yake alipiga tena. Alitoka nje kuongea, akarudi akasema mama amekunywa uji kidogo. Alivyosema "kidogo" niliona mwenyewe haamini, na sikumuuliza zaidi.

Ijumaa saa kumi jioni akatoka na karatasi mkononi. Mashine zote zilikuwa zimeongezewa muda, hakuna mbili zilizogongana. Alikuwa na tiketi ya basi la Jumamosi alfajiri na kitenge kipya cha mama, akanionyesha kitenge hicho akauliza kama rangi haijazidi. Nikamwambia mama yake atakipenda.

Simu ya Atuganile ilimkuta stendi ya Mbezi, basi halijaondoka. Mama alikuwa amefariki saa moja kabla. Akasafiri vilevile, kwenye kiti alichokata, akazika.

Alirudi Mtoni baada ya siku tisa. Atuganile alimsindikiza, hakutaka asafiri peke yake. Mimi na Zehra tukaenda kumpa pole. Njiani nilikuwa nimeshatunga uongo wangu. Nilipanga nimwambie kwamba mtandao ulitusumbua wiki nzima, kwamba tuliteseka bila yeye, na kwamba ile Ijumaa aliyoisubiri ilituokoa na mabaya zaidi. Sikumwambia Zehra nimepanga nini. Nilidhani mwenye akili timamu atanyamaza.

Tulikuta watu wachache kwenye mkeka. Lusungu alikuwa amekonda shingoni. Tulipompa pole aliitikia, halafu swali lake la kwanza likawa la kazi.

"Mtandao ulisumbua?"

Nikafungua mdomo. Zehra akaniwahi, kwa moyo mzuri kabisa, kwa sababu alikuwa ametafuta tangu asubuhi neno la kumfariji na akaona hili ndilo.

"Hata siku moja. Jumapili, siku moja baada ya wewe kusafiri, umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza seva ya kwanza, na sisi tumejua juzi tu. Ile ya pili ilibeba mashine zote peke yake, hakuna aliyeona tofauti. Uliifunga vizuri, Lusungu. Tangu ile Jumatatu ilikuwa tayari ina..."

Hapo akasikia mwenyewe anachokisema.

Lusungu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesomewa kitu alichokuwa anakijua. Kisha akamgeukia dada yake.

"Ningetoka Jumanne, ningemkuta."

Hakuuliza. Atuganile alikuwa amemuuguza mama siku zote zile peke yake, na mimi sikumlaumu kwamba hakumficha ndugu yake.

"Ungemkuta amekaa," akasema. "Jumatano alikaa mwenyewe kitandani. Mpaka Ijumaa mchana alikuwa anaongea. Alinikataza nisikupigie tena. Alisema nikuache, ukimaliza utakuja."

Lusungu akalia mbele yetu sote, kwa sauti, na hakufunika uso.