Sanda ya Dada Mishi na Mbwa wa Stesheni

Haya yaliyonipata stesheni sipendi kuyasema, na nikipita msikitini kwetu Mtongwe naona kama watu bado wananong'ona, lakini kwa kuwa mshayasikia nusunusu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Dada yangu Mishi alifia Voi. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na mwanamume wa damu yake aliyebaki ni mimi tu. Aliporudi Makka alikuja na sanda yake ameiosha kwa maji ya zamzam (wengi wetu hufanya hivyo), akaitia katika sanduku langu akasema, "Siku yangu ikifika utaniletea wewe, na kaburini utanitia wewe." Nikamwambia inshallah. Alfajiri moja simu ikaja: Mishi hatunaye, mazishi baada ya alasiri.

Mke wangu, Bi Zuhura, akasema, "Panda basi, baba watoto, uwahi."

"Gari la moshi mimi nimelipanda kabla wewe hujavunja ungo!"

Na kweli, ile stesheni ya zamani kule kisiwani naijua, unanunua tikiti dirishani, unaingia na kuku wako na nazi zako, wa kukusindikiza nao wanaingia hadi ndani ya behewa wakasahau kushuka, na sisi tuliokuwa tukipakia magunia Changamwe tulilidandia likipunguza mwendo, wala hapana aliyekuuliza umebeba nini. Basi jirani akanikatia tikiti kwa simu, nikaitia sanda mkobani, nikashika tuktuk njia ya Dongo Kundu hadi stesheni hii mpya.

Nafika, naona mizigo imepangwa chini mstari mmoja, wenyewe wamesimama kando, na mbwa apita akinusa mmoja mmoja, pua imelowa. Mate ya mbwa! Kwenye sanda ya zamzam! Ningemwambia askari neno moja yangekwisha, lakini niliona haya kutaja sanda mbele ya watu wa safari, wengine na watoto wao. Nikaenda nyuma ya basi lililoegeshwa, nikainua kanzu, nikajizungushia sanda tumboni, nikaikaza kwa kamba. Mkoba mtupu nikauweka mstarini. Wallahi nilijiona mjanja.

Mlangoni askari akanipapasa kiunoni, mkono ukasita.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni... nguo."

"Nguo gani iko na kamba?"

Nikatia mkono ndani ya kanzu nimwonyeshe, na hapo ndipo nilipojimaliza. Aliruka nyuma akapiga kelele, "Mikono juu! Usiguse kitu!" Mama mmoja akalia, "Ana bomu!" na watu, jamani, walikimbia wakaacha mizigo, wakaacha viatu.

Nikasimama mikono juu, mzee wa ndevu nyeupe. Wakanivua kanzu hadharani, nimebaki na kikoi, wakakata kamba, sanda ikajifungua ikamwagika sakafuni, harufu ya karafuu maiti ikaenea ukumbi mzima. Kila mtu akajua ni nini. Wakamleta mbwa, akainusa ncha hadi ncha, akaikanyaga.

"Mbona hukusema, mzee wangu?" askari akaniuliza, sauti imemshuka. "Ungesema tungekagua kwa mkono."

Wakaniweka chumbani kunihoji, wakapiga simu huku na huku, na nikiwa humo nikasikia gari lapiga honi, laondoka. Waliponiachia na sanda yangu, basi nililolipata barabarani lilikwama nyuma ya malori, kila nikitazama jua lazidi kushuka.

Voi nilifika baada ya magharibi. Jirani yake Mishi, Mzee Kombo, alinipokea mlangoni, udongo ungali kwenye kucha zake.

"Tulikungoja, kaka, mpaka imamu akasema maiti hacheleweshwi. Sanda tumepata dukani. Kaburini nimeshuka mimi kumpokea."

Nikamuuliza, sijui kwa nini, "Alikuwa mzito?"

"Mwepesi," akasema. "Mwepesi sana."

Sasa nikifika geti lolote, la hospitali, la benki, la feri, natangaza nilichobeba kabla sijaulizwa, kitu kwa kitu, mpaka Bi Zuhura hujitenga nami kwa haya na vijana huvunjika mbavu. Nawaacha wacheke. Bora nichekwe, nifike.