Kidonge cha Zamu

Aibu ya mume ni nguo ya ndani, haianikwi uani. Mwaija alifundwa hivyo alipovunja ungo, na kanuni hiyo hakuivunja hata siku moja.

Dada yake Rukaya, muuza machungwa wa Segera, alikuja Handeni kumuuguza. Mwaija alikuwa akiongezewa damu, inapungua, anaongezewa tena, na viganja vyake vilibaki vyeupe kama unga wa muhogo. Ndugu waliomtolea damu walishaanza kunung'unika kwamba wanajaza mtungi uliotoboka.

Daktari wa hospitali ya Korogwe aliwaeleza Mwaija na Rukaya. Kuna kirusi kiitwacho parvo. Watoto hukipata, wakatoka vipele mashavuni, wakapona. Lakini kwa mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimemmaliza kinga, hakitoki. Hukaa kwenye uboho, damu inakotengenezwa, kikazuia isitengenezwe.

"Ungemeza dawa zako kila siku, kinga ingepanda, mwili ungekifukuza. Unaruka dozi, mama."

Mwaija aliomba radhi, sababu hakuitaja.

Jioni nyumbani, baada ya kula, mumewe Mhina alinyoosha kiganja. Mwaija akafungua kopo la dawa zake, akamtilia kidonge, akalifunga.

"Na wewe?" Rukaya aliuliza.

"Leo zamu yake, dada."

Rukaya alimgeukia shemeji yake. Mhina huyu ndiye mshenga anayetafutwa hadi Kilole, anayewahimiza wachumba wakapime kabla ya ndoa!

"Shemeji, miguu ya kuwaposea watu unayo. Ya kwenda kliniki imekatika?"

"Nikionekana kwenye foleni ile, nani atanituma posa tena?"

"Ndiyo umnyonye mdogo wangu? Kupe ana haya kuliko wewe!"

"Dada, punguza sauti," Mwaija alisihi. "Majirani."

"Na wasikie!"

Walisikia. Kwa kuwa siri ilishatoka, Mhina alikwenda kliniki. Mwaija naye akaanza kumeza kila siku, lakini virusi vilikuwa vimeshaizoea dawa ile ya kurukaruka. Alibadilishiwa nyingine, ila damu haikuisubiri.

Matangani wanawake walimsifu: mke mwenye sitara. Rukaya aliinuka akatoka nje. Kumfichia mtu anayekuua si sitara, na waliomfunda Mwaija hivyo walimkosea.

Leo Mhina ana kopo lake mwenyewe, amenawiri, na bado anaposea watu. Siri yake ilimgharimu Mwaija uhai.