Mistari Miwili Niliyoacha Kufagia

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na ufagio wangu wa chelewa. Msishangae. Zabibu hazilimwi Dodoma tu. Tajiri mmoja alizijaribu huku kwetu Tegeta, nami nikaajiriwa kwenye palizi, kazi ya kuondoa magugu. Nikishamaliza na jembe, nafagia kati ya mistari ya mizabibu kama uwanja wa nyumbani. Msimamizi akapita, akasimama. "Mama Zuhura, hapa ni shambani au sebuleni?" Basi, kichwa kikavimba. Wageni wakija, Meneja anawaleta kwangu kwanza.

Tuliruhusiwa kupanda mboga pembeni, mie nikapanda maboga. Yakachanua vizuri, halafu vile viboga vichanga vikanyauka na kudondoka. Msimu wa pili vilevile. Zabibu zinazaa, maboga hayazai! Nikadhani kuna mtu ananionea kijicho.

Nikamuuliza Bwana Shamba, mtaalamu aliyekuwa akitutembelea. Akachuchumaa kwenye kona ambayo ufagio haukufika, akaniita. Chini palikuwa na vitundu, kama pamepigwa msumari. Mara kikatoka kidudu cheusi, peke yake.

"Si sisimizi huyo?"

"Nyuki wa porini, mama. Hawa hawana mzinga, kila jike na shimo lake. Zabibu inajichavusha yenyewe, ila boga linamtegemea huyu abebe chavua, ule unga wa njano, toka ua hadi ua. Nawe unamfukia. Na maua ya magugu anayokula, unayang'oa."

Nilijisikia vibaya, wallahi. Nikaacha mistari miwili bila jembe wala ufagio. Meneja akaja juu.

"Wageni wakiona uchafu huu nitawaambia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jina langu lote pale lilikuwa usafi, cheti kingine sina.

"Waambie Mama Zuhura mvivu."

Akanitazama. "Haya. Lakini nitawaambia hivyo hivyo kweli."

Akawa anawaambia, mie nimesimama palepale. Iliniuma, nisiwadanganye. Wakiondoka narudi kuchungulia vitundu vyangu: huyu anajuaje shimo lake kati ya yote haya? Mvua ikinyesha anafanyaje? Mengine sijayajua hadi leo. Nyie mnaolima sasa, acheni kipande mchungulie, labda mtanijibu.

Siku ya kustaafu Meneja alisimama mbele ya wote. "Tunamuaga mama mchapakazi, palizi tu ndiyo ilimshinda."

Watu wakacheka mpaka machozi, na kila aliyecheka alikuwa amepakata boga langu.