Doriani Ndani ya Buibui

Mama yangu hapandi ndege. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwambia mdogo wake wa Unguja kila Ijumaa kwenye simu, na mie niko jikoni kwangu Al Khoudh, Maskati, namsikia. "Miguu yangu, mwenzangu. Nikikaa sana inavimba." Mtu huyo huyo hukaa sebuleni kwangu kutwa, kakunja miguu juu ya kochi, anatazama tamthilia za Kituruki, na hakijamvimba hata kidole.

Huyo mdogo wake ni khaloo wangu, mama yangu mdogo. Walitenganishwa wangali watoto: mama akaletwa Oman na baba yao, khaloo akabaki Unguja na bibi, mama yao. Mama hakurudi tena hata siku moja. Miaka yote khaloo ndiye aliyekuwa akija Maskati kumtazama, na kikapu chake cha karafuu na ugomvi wake wa nani alikuwa akipendwa zaidi na bibi. Lakini siku hizi anasafishwa damu hospitali, figo zimechoka, na safari hawezi tena. Kwa hiyo kila Ijumaa anauliza, "Dada, unakuja lini?" na kila Ijumaa mama anamsomea habari za miguu.

Mie nilikuwa nikijua haikuwa miguu. Mama alikuwa akiogopa kufika kwao akawa mgeni, aulize njia ya nyumba aliyozaliwa. Lakini mwambie! Utakula maneno mpaka ushibe. Basi nikafanya hila. Nikamwambia, "Mama, twende Bangkok." Nusu ya Maskati hukimbilia huko joto likishika, huyu kwa hospitali, yule kwa maduka, na majirani zetu walikuwa wamerudi na masimulizi ya kuudhi. Mama hapendi kusimuliwa. Akakubali pale pale, nami nikajisemea, akirudi salama tu, udhuru wa miguu ushakufa.

Kwenye ndege alikula chakula chake, akala changu, akalala mpaka tulipofika. Mie ndiye niliyevimba miguu.

Bangkok ni mji usiojua kunyamaza. Magari, pikipiki, watu wanakaanga vitu njiani, muziki huku, kengele kule, na joto lenye maji ndani yake. Nilidhani mama ataomba kurudi hotelini. Alaa! Tulipopanda bajaji kona ya kwanza alinishika mkono akasoma Ayatul Kursiy, kona ya pili akanyamaza, kona ya tatu akamgonga dereva begani akamwambia kwa Kiswahili, "Kaza, baba!" Na yule baba akakaza. Kuvuka barabara alikuwa akinyanyua kiganja kimoja kama anawazuia kuku, na wallahi magari yakisimama. Mie nilikuwa nakimbia nyuma yake nikiomba radhi kwa kila mtu.

Tuliporudi hotelini siku ile mama akasimama mlangoni, akashika kifua. Palikuwa na kibandiko chenye picha ya doriani, lile tunda la miiba, na mstari mwekundu umepita juu yake.

"Doriani!" akasema. "Wanauza doriani!"

"Mama, hiyo maana yake ni marufuku. Harufu yake inawaudhi wageni."

"Harufu ya doriani imuudhi nani? Huo mstari maana yake yamekwisha kwa leo. Kesho waulize mapema."

Nilimweleza mpaka ulimi ukakauka. Mtu aliyezaliwa Unguja hawezi kuingiza kichwani kwamba kuna mahali duniani doriani huwekwa fungu moja na sigara. Maskati tunayapata ya kwenye friji, yameganda, ghali, mama huyaita maiti. Hapa yalikuwa yamerundikwa sokoni kama mawe, na mashokishoki pembeni, na mama akayazunguka akiyagonga, akiyanusa kwenye kikonyo, akitoa makosa. Muuzaji alitaka kumpasulia na kumfungia vizuri kwenye kisanduku. Mama akakataa. Doriani lililopasuliwa na mtu mwingine, alisema, ni makombo.

Basi jibu mwenyewe: doriani zima, lenye miiba, linaingiaje hoteli iliyolikataza? Mama alilitia ndani ya buibui, mbele, akalishika kwa mikono miwili, akaanza kutembea kwa kuyumba. "Usinicheke," akanong'ona, "linanichoma. Twende." Bawabu aliunganisha viganja kutusalimu, akatazama tumbo, akatazama uso wa mwanamke wa miaka sabini na kitu, akanitazama mie. Niliangalia dari. Maskini yule mtu alikimbia kutufungulia lifti.

Chumbani mama alitandika taulo chini, akakaa kitako, akalipasua doriani kwa kisu cha matunda akifuata mishono yake, kazi safi kabisa. Hata hakuonja. Alinitaka kwanza nimpigie khaloo kwa video, maana raha asiyoiona mdogo wake kwake yeye si raha. Nikaisimamisha simu juu ya meza.

"Unaliona?" mama akasema, kalinyanyua mbele ya kioo.

"Nnaliona," akasema khaloo. Alikuwa amekonda, kajifunga kanga kichwani. "Kubwa, lakini sura halina. Linanuka?"

"Linanuka sana."

"Muongo. Ya huko hayanuki, nimesikia. La kwetu Unguja ukilipasua mtaani Malindi mtu wa Mwembeladu anajua."

Linanuka! Lilikuwa limeshaingia kwenye mapazia, na nilisikia watu wakipita nje wakisimama na kuulizana. Nikamwambia mama tutafukuzwa. Mama hakushtuka. Nyumbani ukikaanga samaki unafukiza, wageni wakija unafukiza, wakiondoka unafukiza. Hakuna jambo baya lisilosawazishwa na udi. Akatoa mkobani chetezo chake cha umeme, asichokiacha safari yoyote, akakitia udi, akakichomeka.

"Mama, humu mna king'ora cha moshi."

"Moshi wa udi si moshi."

King'ora hakikuwa na habari hiyo. Kilianza kulia mpaka meno yakaniuma. Mie nimepanda juu ya kitanda napepea dari kwa mto, mama anafunika doriani kwa buibui na kufunika chetezo kwa doriani, na khaloo kwenye simu anacheka, anakohoa, anacheka. "Dada! Dada, utaunguza mji wa watu!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa msimamizi wa hoteli, mwanamke mwenye suti na nywele zilizofungwa kwa hasira, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba mitungi ya kuzimia moto. Mmoja akakizima king'ora. Msimamizi akanusa mara moja tu. Akaanza kunisomea masharti ya hoteli kwa Kiingereza, nami nikaanza kuzama chini kwa aibu.

Mama hakuona msimamizi. Aliona watu watatu wamesimama mlangoni kwake mikono mitupu, na kwetu hilo halikubaliki. "Karibuni, karibuni!" Akaukamata mkono wa yule mwanamke, akamkalisha kitini, akachomoa kipande cha doriani, cha manjano, kinono, akakipeleka mpaka mdomoni mwake. Msimamizi alitazama mlango. Aliwaambia neno wale wawili, wakaufunga. Akala. Akafumba macho. Akala kingine. Wale wanaume wakaweka mitungi chini wakachuchumaa kwenye taulo, na mama akawa analisha mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wake, anafurahi kama yuko kwake. Msimamizi akaniambia doriani limeiva barabara, na kwamba adhabu iko pale pale.

Ndipo nilipogundua kicheko cha simu kimekatika.

"Huna haya wewe," akasema khaloo. Hakuwa anatania. "Watu huwajui, unawalisha kwa mkono wako. Mie nnakutazama kwenye kioo."

Mama akageuka, vidole vimejaa doriani. "Si daktari kakukataza, wewe? Doriani umekatazwa."

"Doriani nimekatazwa. Wewe sikukatazwa."

Wale wageni wetu hawajui Kiswahili, lakini hata wao waliacha kutafuna. Nilijisikia vibaya sana, hila zangu zote zilionekana za kitoto, nikamwona mama anafuta vidole pole pole, kimoja kimoja, machozi yanamshuka wala hayazuii.

"Kile chumba chetu cha uwani," akasema mwishowe. "Kina feni?"

Uso wa khaloo uliondoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama dari la nyumba yao, na tukamsikia kule ndani anapiga kelele, sauti imempasuka, wamtolee dada yake godoro nje sasa hivi, lipate jua.