Mguno Chini ya Theluji

Theluji ikiporomoka kutoka paa la jirani hapa Selly Oak, hutoa mlio mzito, kama gunia la mchele lililobwagwa sakafuni. Wajukuu zangu wakiusikia hukimbilia dirishani wakicheka. Mimi hasira hunipanda. Nisameheni, lakini nimechoka kuificha.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, nami nina miaka kumi na miwili. Shule yetu iliwapeleka watoto milimani Uskochi, likizo ya Pasaka. Baba, Mzanzibari aliyeshinda kiwandani na kurudi ananuka mafuta ya mashine, aliniruhusu kwa sababu tu kaka yangu Sefu, aliyenizidi miaka miwili, naye alikuwa anakwenda. Mama alitujazia visheti kwenye kopo la maziwa, akatuvisha fulana tatu tatu mpaka mikono ikakataa kushuka. Baba alitupa wasia mmoja, mlangoni.

"Mwalimu hajibiwi wala hakatizwi. Akisema, itikieni. Msinitie aibu mbele ya Wazungu."

Siku ya kwanza, mama mmoja mwenyeji wa milima ile, uso umebabuka kwa upepo, alichimba shimo kwenye theluji kwa sepetu akatuonyesha ukuta wake. Juu palikuwa na tabaka gumu lililorundikwa na upepo. Chini yake chenga zisizoshikana, kama sukari. Alisukuma kidogo tu, bamba la juu likateleza lote.

"Mkisikia theluji inaguna na kutitia chini ya miguu, semeni hapo hapo," alituambia. "Hata aliye mdogo kuliko wote aseme."

Kesho yake yeye alikwenda na kundi jingine. Mwalimu wetu, aliyekitaka kilele kuliko chakula, akatupitisha katikati ya mteremko ambao upepo ulikuwa umeujaza theluji usiku kucha. Tulikwenda kwa mstari, Sefu wa kwanza nyuma ya mwalimu, mimi wa mwisho kabisa. Mara nikausikia mguno ule, na theluji ikashuka kidogo chini ya buti zangu. Ufa mwembamba kama uzi ukapita kando yangu kuelekea mbele. Nilijua. Nawaambieni nilijua kabisa. Nikafungua kinywa, lakini mwalimu alikuwa anaeleza jambo kuhusu bonde, nami nikangoja amalize.

Hakumaliza. Bamba lilikatika juu yao likamzoa Sefu mpaka chini, mwalimu likamwacha amesimama. Tulichimba kwa mikono na kwa sahani za bati. Tulipomtoa alikuwa anapumua, midomo ya buluu, mguu umevunjika mara mbili. Huo mguu haukuunga sawasawa. Sefu, ambaye mtaani kwetu hakuna aliyemfikia kwa mpira, amechechemea tangu siku ile.

Mwalimu alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kochi letu, akanywa chai ya iliki, akala visheti viwili, akasema hakuna ambaye angeweza kujua. Baba akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu! Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na mpaka leo najuta kwamba sikuliachia likaanguka.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa. Baba kiwandani aliitwa kwa jina lisilo lake miaka na miaka, akaitika. Kunyamaza ndiko kulikomlinda katika nchi hii, basi akatupa sisi kunyamaza kule kule, akakuita adabu. Ulikuwa woga. Namhurumia marehemu baba yangu, na bado nina hasira naye, na vyote viwili naviweka moyoni bila kuona haya.

Juzi theluji ilianguka tena kutoka paani, Sefu yuko kwangu, fimbo yake imeegemea kiti. Nikamwambia nilichomficha maisha yetu yote.

"Kaka, niliusikia ule mguno. Nikanyamaza."

Aliikoroga chai yake kwa muda mrefu, ingawa hatii sukari.

"Hata mimi niliusikia," akasema. "Nilikuwa hatua mbili nyuma ya mwalimu. Nami nikangoja amalize."