Somo Lililoingia Bila Hodi

Kwetu ni Upareni, lakini miaka yangu mingi ya kazi nimeimalizia hapa Kasulu, nikifundisha watu namna ya kufundisha hisabati. Nina kiburi kimoja na sikifichi: sehemu nazijua. Mtu akitoka darasani kwangu hajui robo ya nusu ni nini, basi alikuwa amelala. Kwa hiyo chuo kilipotutaka tuweke masomo mtandaoni, nilijirekodi darasani kama nilivyo, saa mbili mfululizo, nikalipandisha somo kwenye mfumo wetu, nikaenda zangu kunywa chai.

Mwaka haukuisha, mwalimu mwenzangu wa Kibondo akalihitaji.

Alikuwa mwalimu pekee wa hisabati katika kituo cha chuo kingine huko. Ni Mchaga, kwa hiyo mtani wangu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya kungoja miaka tisa. Alitaka kujifungulia kwa mama yake Moshi, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asafiri ndani ya wiki tatu, la sivyo safari ndefu ile aisahau. Wanafunzi wake, walimu wa shule za msingi waliorudi kusomea stashahada, walikuwa wamebakiza mada moja tu, nayo ni sehemu. Mkuu wake wa kituo alikubali aondoke mapema kwa sharti moja: mada hiyo iwepo kwenye mfumo wao na wanafunzi waonekane wanaisoma.

"Kaka, nipe somo lako," aliniambia kwenye simu.

"Tangu lini Mchaga akaomba? Nilidhani mnauza tu."

"Na tangu lini Mpare akatoa kitu bila kesi?"

Nikampa bila kesi. Halikufunguka. Kwenye mfumo wao lilitokea boksi jeupe, basi. Nikatuma tena, nikaliita "Sehemu mpya". Nikatuma mara ya tatu, nikaliita "Sehemu mpya kabisa ya mwisho". Boksi jeupe. Nilikasirika, nikatangaza ofisini kwamba mfumo wa Kibondo ni mbovu.

Fundi wetu wa kompyuta ni mama mmoja mpole wa Buhigwe, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimesoma mwongozo ambao vyuo vyetu vilikubaliana kuufuata. Nilikuwa nao. Nilikuwa nimeukunja na kuubana kwenye dirisha langu lisipigepige.

"Mwalimu, ni kama debe la sokoni," alisema huku akiukunjua. "Kila muuza maharage akija na kopo lake, nani atanunua kwa nani? Wewe umekuja na kopo lako."

Akaketi kulitazama somo langu, kalamu mkononi. Mwongozo ulitaka somo likatwe vipande vidogo, kila kipande na lengo moja, kisimame chenyewe bila kuegemea kingine, kisha kifungwe kwa namna ambayo mfumo wa chuo chochote unaweza kukifungua. Mimi nilikuwa nimeegemea kila kitu. "Hapa unasema kama tulivyosema jana," alisema. "Jana hiyo watu wa Kibondo hawakuwapo. Hapa unamwambia mama wa nyuma asisinzie. Mama yupi?" Halafu akakuna kichwa, akaona aibu kidogo. "Na salamu, mwalimu. Dakika sita nzima."

Ni kweli. Waha, watu wa huku, wamenifundisha kwamba huendi kwa mtu ukaanza na shida yako. Unauliza ameamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, mvua, maharage shambani, na yeye anakuuliza vilevile, ndipo mnaingia kwenye lililokuleta. Nimekaa nao mpaka imeniingia damuni. Kwenye rekodi nilikuwa nimeuliza yote hayo.

"Toa," alisema fundi. Nikatoa.

Siku kumi tulirekodi upya, safari hii mikono yangu tu ikionekana, na ubao, na mkate wa kukata. Vikapatikana vipande kumi na vinne. Kila kimoja tukakibandika lebo: mada, ngazi, lugha, muda, aliyekiandaa. Ya mwisho ilisema kwamba mwalimu mwingine anaruhusiwa kukibadilisha. Hiyo niliijaza shingo upande. Hata siku mbili hazikupita, mtani wangu akanijulisha kuwa ametoa mfano wangu wa duka lililo getini kwetu, ameweka mama anayegawa madumu ya mafuta ya mawese soko la Kibondo. Niliona wivu siku nzima. Kesho yake nikautazama tena, nikaona mfano wake ni mzuri kuliko wangu.

Lakini vilifunguka! Vyote kumi na vinne, mara ya kwanza tu. Nilicheza ofisini, mtu mzima wa umri wangu, na fundi akapiga makofi.

Furaha ile ilidumu siku mbili. Mfumo unaonyesha kila mwanafunzi amefika wapi, na orodha ya Kibondo ilionyesha kwamba wote, bila kukosa hata mmoja, wamefungua kipande cha kwanza kisha wakatoka. Cha pili hakikuguswa. Zilikuwa zimebaki siku sita katika zile wiki tatu za daktari.

"Kaka, hawasomi," alisema mtani wangu, na sauti yake haikuwa na utani ndani. "Mkuu ameiona orodha. Anasema ikibaki hivi siendi popote." Nilijisikia vibaya sana. Nilimwambia awaulize wenyewe kabla hajalia.

Akawauliza. Aliyejibu ni mzee mmoja kati yao, mwalimu aliyebakiza miaka michache astaafu.

"Mwalimu, huyo mwenzio wa Kasulu tumemkosea nini?" alisema. "Ameingia bila hodi. Hata kutuuliza tumeamkaje, hapana. Ameanza tu, kata mkate. Tukasema huyu ana hasira, tumuache kwanza atulie."

Nilipomsimulia fundi wetu, alijifunika uso kwa kanga akacheka mpaka machozi. "Hata mimi niliuona ubaridi," alisema. "Nikadhani ndiyo mambo ya mtandao yalivyo."

Tukaupekua mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali ulipokataza salamu. Ulikataza tu kuchanganya mambo mawili kwenye kipande kimoja. Basi tukatengeneza kipande cha kumi na tano, tukakiweka mbele ya vyote. Mada: salamu. Ngazi: zote. Lugha: Kiswahili na Kiha. Muda: dakika tatu. Penye lengo fundi aliandika, bila kutabasamu, "Mwanafunzi ajisikie amekaribishwa." Nilisalimia kwa moyo wote, na baada ya kila swali nikanyamaza kidogo, wapate kujibu. Kikaenda Ijumaa. Mpaka Jumapili jioni nusu ya orodha ilikuwa imefika kipande cha tano, na mkuu akasaini ruhusa.

Jumatatu mtani wangu alipanda basi la saa tatu asubuhi. Mimi nami nilikwenda Kibondo siku hiyohiyo, chaki mfukoni, maana sikuamini. Nilifika saa nne. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye kompyuta ya darasa, maana kila siku walianza na salamu, ikisema "Mwakeye", mmeamkaje kwa Kiha, na darasa zima likaiitikia kwa pamoja, watu wazima, wengine wana wajukuu. Ikauliza watoto, wakajibu hawajambo. Ikauliza mvua, wakajibu inanyesha.

Niliingia nikasema, "Habari za saa hizi, walimu."

Mzee wa mbele aligeuka, akaweka kidole mdomoni. "Samahani ndugu," alininong'oneza, "keti pale nyuma. Mwalimu anafundisha."

Nikaketi nyuma. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Hata kipande kimoja hakijaisha, simu yangu ikaita, na yule mzee akanitazama kwa jicho ambalo mimi mwenyewe huwatazamia wanafunzi wangu. Nikatoka nje.

"Basi limepita Kakonko," alisema mtani wangu. "Wanasoma?"

"Wanasoma."

"Na wewe uko nao darasani?"

"Nimetolewa nje kwa kelele."

Alicheka, akacheka, mpaka nikamwambia apunguze, mtoto asije akazaliwa Nyakanazi.